LibreCAD kwa mchora viwanja wa Kusini: umbali inaujua, kaskazini yako haiijui

Karatasi ya mpima ikifika mezani huwa na vitu vitatu vya maana: namba za bikoni (alama za kona za kiwanja), umbali kwa mita, na beringi ya kila mstari, yaani pembe yake kutoka kaskazini (beringi ya dira, si ile ya gurudumu la bajaji). Mchoraji anatakiwa azigeuze namba hizo ziwe mistari bila kudondosha hata sentimita njiani. Njia fupi kuliko zote ni koordineti za polari zinazohesabiwa kutoka nukta ya mwisho: unaiambia programu ianzie pale ilipo, iende mita kadhaa kwa pembe kadhaa, nayo inakwenda. Hapa tunaipima LibreCAD, programu ya kuchora kwa kompyuta, toleo la 2.2.0, kwa kazi hiyo hasa, kwenye michoro ya viwanja na nyumba kama inavyochorwa Mtwara na Lindi, tukiiweka kando ya AutoCAD, programu ya kulipia, pale inapobidi. Michoro ya vipimo vitatu hatuigusi, kwa kuwa LibreCAD haina.

Hukumu yetu ni hii: kwa kiwanja chenye bikoni nne hadi kumi, LibreCAD inatosha na chenji inabaki. Ila ina tabia moja ambayo mtu asipoijua atamchorea mteja kiwanja kilichogeuka kama sura kwenye kioo, na hesabu zote za ukaguzi zitamwambia amepatia.

Programu yenyewe ni ya bure, chini ya leseni huria ya GPL, na imetokana na toleo huria la QCAD, programu nyingine ya kuchora. Inakubali Windows, Linux na macOS. Faili la kusakinisha ni la makumi machache ya megabaiti, hivyo bando dogo linatosha, na kompyuta mpakato kuukuu yenye RAM ya GB 4 inaibeba bila kuhema. Kwa kijana aliyetoka VETA anayetaka kuanza kazi kwenye kibanda cha steshenari hilo si jambo dogo, hasa ukizingatia nakala za wizi za programu za kulipia zinazouzwa kwenye flashi, ambazo mara nyingi huja na virusi vyake.

Uandishi wa amri hauna fumbo. Unaandika line kwenye mstari wa amri chini ya skrini, unatoa nukta ya kuanzia, kisha:

@30<42.5

Alama ya @ maana yake ni kutoka nukta ya mwisho. 30 ni umbali, alama ya < inatangulia pembe, na 42.5 ni nyuzi (digrii) kwa desimali. Ukiisahau @, umbali na pembe vinahesabiwa kutoka sifuri ya mchoro mzima. Kama umeanza kwenye 0,0 utaona tu mstari umekaa vibaya. Kama umeanza na koordineti halisi za gridi ya UTM (mfumo wa ramani unaotaja mahali kwa mita) ukanda wa 37 kusini, ambazo kwa mji wa Mtwara ni mashariki 629,000 na kaskazini 8,864,000 hivi, mstari utatoka mbio upande wa Ncha ya Kusini zaidi ya kilomita 8,800, na kiwanja chako kitapotea kwenye skrini kama punje ya ufuta. Dawa ni kurudisha hatua moja nyuma kwa amri ya undo, halafu kuandika tena na @ mbele. Usihangaike kukuza picha kukitafuta.

Kosa jingine la mkono ni koma. Desimali hapa ni nukta. Koma kwa LibreCAD inatenganisha x na y, kwa hiyo @30,5<42 haisomwi kuwa mita thelathini na nusu. Ni heri ikikataa. Ubaya ni pale inapokubali kitu ambacho hukukusudia.

Sasa kaskazini. LibreCAD inahesabu pembe kuanzia mashariki, kulia kwa skrini, na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa. Mpima anahesabu kuanzia kaskazini na kufuata mishale ya saa. Daraja kati yao ni kutoa tu: pembe ya programu ni 90 toa beringi. Jibu likiwa hasi, ongeza 360, au liache hivyohivyo, maana programu inaelewa pembe hasi vizuri.

Tuchukue kiwanja cha mfano. Karatasi inasema A kwenda B ni mita 30.00 kwa beringi 47°30'00". B kwenda C ni 20.00 kwa 137°30'00". C kwenda D ni 28.40 kwa 229°15'00". D kurudi A ni 19.20 kwa 312°40'50". Unaanza na line, unaandika 0,0, kisha:

@30<42.5
@20<-47.5
@28.4<-139.25
@19.2<-222.6806

Mstari wa mwisho unarudi A kwa pengo lisilofika milimita moja. Eneo ni mita za mraba 570.9 ukilipima kwa zana ya eneo iliyo kwenye menyu ya Info.

Hapo kuna jambo wengi hulipuuza: mguu wa mwisho (mguu ni mstari mmoja, kutoka bikoni hadi bikoni) usiufunge kwa amri ya close. Close inavuta mstari hadi mwanzo bila kujali karatasi inasema nini, na kosa lililokuwamo linamezwa ndani ya mstari huo. Andika mguu wa mwisho kwa namba zake, kisha kuza picha kwenye kona ya A hadi uone kama ncha mbili zimegusana. Zisipogusana, pima pengo kwa zana ya umbali, maana ukubwa wa pengo unakutajia mkosaji. Pengo likilingana na urefu wa mguu mmoja, umeuruka mguu huo. Likiwa mara mbili ya mguu mmoja, umeuchora mguu huo kinyumenyume, yaani umesoma beringi ya kurudi badala ya ya kwenda. Kwa mguu wetu wa mita 30 utaona pengo la mita 60. Likiwa la sentimita kumi hivi, karibu kila mara kosa liko kwenye dakika.

Kosa lenyewe la dakika ni hili: 47°30' si 47.30. Dakika 30 ni nusu ya nyuzi, kwa hiyo ni 47.5. Ukiandika 47.30 umepunguza nyuzi 0.2, na kwa mita 30 bikoni inasogea pembeni sentimita 10 na nusu. Ukuta wa jirani hauna habari na desimali zako. Na usipunguze tarakimu ovyo. Ukibakiza desimali moja ya nyuzi, kosa linaweza kufika karibu sentimita 9 kwa mita 100. Desimali tatu zinalishusha chini ya milimita moja.

LibreCAD ina hisani moja ambayo wengi hawaijui: mstari wa amri unakubali hesabu. Huna haja ya kikokotoo pembeni. Mguu wa mwisho wa mfano wetu unaweza kuandikwa hivi:

@19.2<90-(312+40/60+50/3600)

Programu inakokotoa yenyewe, nawe unabaki ukitazama namba zilezile zilizo kwenye karatasi. Hilo linapunguza makosa kuliko kugeuza kichwani. Kwa viwanja vingi, tengeneza jedwali la Excel au LibreOffice Calc: nyuzi safu ya A, dakika B, sekunde C, umbali D, kisha kwenye E uandike ="@"&D2&"<"&ROUND(90-(A2+B2/60+C2/3600),6). Unanakili kisanduku kimojakimoja na kukibandika kwenye mstari wa amri. Kimojakimoja, tena kwa makusudi: jicho linaona kila mguu unapotua.

Tumefika kwenye ile tabia. Tuseme mchoraji hakutoa kutoka 90. Ameandika beringi kama zilivyo: @30<47.5, @20<137.5, @28.4<229.25, @19.2<312.6806. Nini kitatokea? Kiwanja kitafunga. Urefu wa pande zote utakuwa sahihi. Eneo litatoka 570.9 lilelile. Kila kipimo cha ukaguzi anachokijua kitampa tiki, kwa sababu alichokifanya ni kubadilishana mashariki na kaskazini: kiwanja kimepinduliwa kwenye mstari wa nyuzi 45, na kitu kilichopinduliwa kwenye kioo hakipungui urefu wala eneo. Mbaya zaidi kwenye mfano wetu, mguu wa kwanza umekosea nyuzi 5 tu, 47.5 badala ya 42.5, na jicho halishtuki. Ni mguu wa pili unaokwenda juu kushoto badala ya chini kulia. Kama A hadi B ndiyo mpaka unaotazama barabara, kiwanja chote kimehamia ng'ambo ya barabara. Na mahali ambapo mitaa imepangwa kwa mistari iliyonyooka na viwanja vinafanana kama matofali, mchoro wa namna hiyo unaweza kupita mikononi mwa watu wengi bila mtu kugutuka.

Kipimo kinachomkamata ni kimoja: mahali pa kona. Elekeza kipanya kwenye C na usome koordineti. Kwa mfano wetu, C iko mashariki 35.630 na kaskazini 5.522 kutoka A. Ukisoma 5.522 kwanza halafu 35.630, umepindua. Kama karatasi haina koordineti za bikoni, tumia akili ya dira: beringi kati ya 90 na 180 lazima mstari ushuke kulia, kati ya 180 na 270 ushuke kushoto. Angalia pia mzunguko wa bikoni. Karatasi ikizitaja kwa kufuata mishale ya saa, na kwenye skrini zinakwenda kinyume, basi mambo ni yaleyale.

Je, kwenye mipangilio hakuna pa kubadilisha? Ukifungua Current Drawing Preferences, sehemu ya Units, utakuta aina za pembe: desimali, nyuzi-dakika-sekunde, hata mtindo wa wapima. Hiyo inabadilisha namna pembe zinavyoonyeshwa. Mtu akiiona ya wapima anadhani sasa anaweza kuandika beringi moja kwa moja. Asidhani hivyo: beringi ya karatasi akiiandika ilivyo, bado inahesabiwa kutoka mashariki. Hapa ndipo tunapoikata LibreCAD alama bila huruma.

AutoCAD kwenye hili imewaheshimu wapima. Unaandika UNITS, unachagua Deg/Min/Sec, unaweka tiki kwenye Clockwise, kisha ndani ya Direction unachagua North. Kuanzia hapo unaandika karatasi ilivyo:

@30<47d30'00"

Hakuna kutoa, hakuna desimali. Kwa shamba la mikorosho lenye bikoni thelathini huko Nachingwea au Newala, tofauti hiyo inaonekana. Lakini nayo ina miiba yake. Ukishaweka North na Clockwise, pembe nyingine unazoandika zinafuata kanuni hiyo: maandishi ukiyapa mzunguko wa 0 yanasimama wima, kwa sababu 0 sasa ni juu. Na faili likienda kwa mchoraji mwingine, mipangilio inakwenda nalo, yeye ataandika 90 akitegemea juu na kupata kulia. Ukimaliza mipaka, rudisha mipangilio ya kawaida kabla ya kuanza kuandika majina.

Mwiba wa pili wa AutoCAD ni ule uandishi unaotokea karibu na kishale. Ukiingiza umbali, ukabonyeza Tab, ukaweka pembe, programu inaangalia kishale kiko upande gani wa mstari wa mlalo ndipo iamue kupanda au kushuka. Mkono ukitikisika, mstari unashuka badala ya kupanda. Kwa kazi ya bikoni, uzime uandishi huo kwa F12 na uandike kwenye mstari wa amri chini, @ ikiwepo. Uandishi huo ukiwa umewashwa, nukta ya pili na kuendelea huchukuliwa kuwa ya kuhamia, yaani inahesabiwa kutoka nukta iliyotangulia, hata bila @, na anayetaka koordineti kamili ndiye anayelazimika kutanguliza #. Waliojifunzia LibreCAD wakahamia AutoCAD huangukia hapo, na waliotoka AutoCAD wakirudi LibreCAD huisahau @ kabisa. Kunasa pointi nako kuzime kwa F3 unapobandika mfululizo wa amri, la sivyo ncha ya mstari inaweza kurukia kona ya jirani iliyo karibu.

Kuna sehemu moja LibreCAD inaishinda AutoCAD, nayo ni kufuli ya sifuri ya kuhamia. Sifuri hiyo ni ile alama nyekundu ya duara lenye msalaba inayotembea na nukta yako ya mwisho. Unaweza kuiweka popote unapotaka, kisha ukaifunga isitembee. Faida yake inaonekana mpima anaposimama kituo kimoja na kupiga vitu vyote vilivyomzunguka: mnazi, kisima, kona ya nyumba, nguzo ya umeme, kila kimoja kwa umbali na beringi kutoka kituoni. Weka sifuri kwenye kituo, funga kufuli, chagua amri ya nukta, halafu andika @18.6<90-35, @22.15<90-81.5, na kuendelea. Kila nukta inahesabiwa kutoka kituoni. Kwenye AutoCAD, @ inafuata nukta ya mwisho, hivyo kwa kila kipimo unapitia amri ya FROM na kubofya kituo upya, au unahamisha UCS (mfumo wa koordineti wa mtumiaji) hadi kituoni. Inawezekana, ila ni mzunguko.

Kufuli hiyohiyo ikisahaulika ndiyo chanzo cha malalamiko kwamba programu imeharibika. Mtu anachora mpaka wa kiwanja, kila mguu unapimwa kutoka A badala ya kutoka bikoni iliyotangulia, na umbo linalotoka halifanani na chochote duniani. Kabla ya kusakinisha upya, tazama kitufe cha kufuli.

Kwa nyumba, sifa za polari zinapungua. Kuta nyingi ni za pembe mraba, na kwa hizo kubana mstari kwenye mlalo au wima ni haraka zaidi. Polari inarudi kwenye paa. Nyumba yenye nusu upana wa mita 3.60 na mwinuko wa nyuzi 20 ina boriti ya mteremko yenye urefu wa mita 3.831 hadi kileleni, bila kuhesabu kining'inio (sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta). Kutoka juu ya ukuta wa kushoto unaandika @3.831<20, kisha @3.831<-20, na umetua juu ya ukuta wa kulia, mita 7.20 kutoka ulipoanzia. Usipotua pale, urefu wako si sahihi, na ni afadhali ulijue kwenye skrini kuliko baada ya mbao kukatwa.

Vipimo vya mchoro viwekwe kuwa mita kabla ya mstari wa kwanza, kwenye ileile Current Drawing Preferences. Ukiacha milimita na kuandika 30, skrini haitakuonyesha tofauti yoyote. Utaiona siku ya kuchapa: kwa skeli ya 1:500 mguu wa mita 30 unatakiwa uwe milimita 60 kwenye karatasi, lakini wako utakuwa milimita 0.06, doa la wino. Baada ya kuchapa weka rula kwenye mguu mmoja unaoujua urefu wake. Mashine nyingi za steshenari huwa zimewekwa kupunguza ukurasa ili uenee, na asilimia chache hizo zinatosha kuua skeli.

Neno kuhusu kaskazini zenyewe, kwa sababu karatasi za huku huchanganya. Mji wa Mtwara uko mashariki ya mstari wa kati wa ukanda wa 37, ambao ni longitudo 39, kwa zaidi ya digrii moja. Hivyo kaskazini ya gridi (ya mistari ya ramani) na kaskazini ya kweli (ya kuelekea Ncha ya Kaskazini) zinapishana karibu dakika 12 au 13. Lindi mjini ni dakika 7 hivi. Dakika 12 na nusu kwa mita 100 ni sentimita 36. Kaskazini ya dira ya mkononi ni ya tatu, mbali na zote mbili. Programu haiwezi kukusaidia hapo, inachora unachoandika. Uliza karatasi imetumia ipi, na usichanganye mguu wa dira na miguu ya gridi kwenye kiwanja kimoja.

Kuhusu kupeleka kazi: LibreCAD inahifadhi kwa DXF, aina ya faili la mchoro linalofunguka kwenye programu nyingi. DWG, ambalo ni faili la AutoCAD, inaweza kufungua baadhi, hasa za zamani, lakini haihifadhi. Ofisi ikikutumia DWG, waombe wakuhifadhie kwa DXF ya 2000 au 2007 kabla ya kutuma. Na unapowarudishia kazi, andika ndani ya mchoro wenyewe, karibu na mshale wa kaskazini, beringi ya mguu wa A kwenda B na koordineti za A na C. Atakayelifungua faili kwenye AutoCAD iliyowekewa kaskazini yake mwenyewe atakuwa na kitu cha kulinganishia.